Kiti cha Kushoto

Aliyemfundisha Jabiri kuunda magari madogo ya mfano alikuwa Mzee Kasmiri wa Manundu, Korogwe, na katika watu wote ambao Jabiri aliwahi kuwakosea, hakuna aliyemkosea kama huyo. Mzee mwenyewe hakujua. Ndiyo maana alimfundisha.

Kabla ya hapo Jabiri alikuwa dereva. Yeye, mtu wa Kwamsisi, na Laurenti, mtoto wa pekee wa Mzee Kasmiri, walikuwa wakipokezana usukani wa Fuso moja lililobeba saruji kutoka Dar es Salaam kupeleka Korogwe, na wakati wa kurudi likapakia mahindi ya Handeni au mbao, kutegemea msimu. Jabiri alimzidi Laurenti miaka sita, na Laurenti alimwita kaka. Siku ya ajali, Laurenti ndiye aliyeendesha tangu asubuhi hadi Mkata. Hapo wakabadilishana. Jabiri alikuwa hajalala siku mbili. Mkewe, Mwantumu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Rukaya, na mtoto alikuwa na homa. Baba mtu alikuwa amekesha naye kabla ya kurudi safarini.

“Kaka, kama umechoka niachie tu,” Laurenti alimwambia. “Nitafika nalo mpaka nyumbani.”

“We lala,” Jabiri akajibu. “Zamu yangu ni yangu.”

Laurenti akalala, kichwa kimeegemea kioo cha mlango wa kushoto. Saa saba na nusu mchana, kilomita chache kabla ya Kabuku, Jabiri naye akapitiwa na usingizi. Fuso likaacha lami upande wa kushoto, likagonga ukingo wa kalavati, likabingirika. Mlango wa dereva ulifunguka ukamtema Jabiri majanini, paja limevunjika mara mbili. Waliokuja kuokoa walimkuta Laurenti chini ya usukani, alikorushwa, amekwisha kufa.

Kwa hiyo kila mtu alijua dereva alikuwa nani hata kabla ya kuuliza. Siku ya tatu askari wa usalama barabarani alikuja wodini, akavuta kiti karibu na kitanda.

“Tumeambiwa aliyekuwa anaendesha ndiye aliyefariki. Ni kweli?”

Jabiri alimwaza Rukaya, siku zake kumi na mbili duniani. Akawaza gereza. Akasema, “Ndiyo.”

Neno moja tu. Askari akaandika, akampa pole, akaenda zake. Lakini neno lile lilitoka wodini likaanza kutembea kwa miguu yake lenyewe. Lilifika Manundu msibani, na huko likavaa nguo nyingine: ikawa Laurenti alisinzia, kisha ikawa Laurenti alikuwa amekunywa. Mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani aliyekuja kufariji alisikika akisema vijana wa siku hizi hawawezi kushika usukani bila chupa. Mama Laurenti, Bi Serafina, alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake.

Baada ya arobaini, Mzee Kasmiri alipanda gari mpaka Mkata, akachukua bodaboda mpaka Kwamsisi, mkononi jogoo aliyefungwa miguu na sukari kilo mbili. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya useremala reli ya Tanga mpaka akastaafu. Alimkuta Jabiri barazani, mguu uko juu ya kigoda, vyuma vimetokeza pajani.

Hakukaa mpaka aseme alichokuja nacho.

“Mwanangu amekuharibia mguu,” alisema. “Yeye hayupo kuja mwenyewe. Nimekuja mimi kukuomba msamaha kwa niaba yake.”

Jabiri alitazama chini. Alijua kwamba kama kuna saa ya kusema, ni hiyo. Na saa hiyo ikapita akiitazama.

“Hakuna neno, mzee,” alisema. “Ni mipango ya Mungu.”

Mzee Kasmiri akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ndipo akakaa. Mwantumu akamchinjisha jogoo kwa jirani, akampika, wakala wote pamoja.

Kabla ya kuondoka, mzee alichomoa mfukoni kisu kidogo cha kukunja, akampa Jabiri. “Laurenti alikuwa akiunda magari madogo tangu shule ya msingi, nami nilimfundisha. Jaribu. Mkono ukiwa na kazi, kichwa kinapata nafuu.”

Mwezi uliofuata alituma kwa basi kifurushi: makopo matupu ya maziwa ya unga, rula ya chuma, na kipande cha mlingoti mkavu wa mkonge, ule mwepesi ambao kisu kinaingia kama kwenye sabuni. Ndani aliandika kwa penseli: Kipimo chetu ni moja kwa ishirini. Sentimita moja yako ni ishirini za gari lenyewe. Usikadirie kwa jicho. Pima.

Hivyo ndivyo Jabiri alivyoingia katika kundi la magari madogo la Korogwe. Lilikuwa kundi la kwenye simu, watu thelathini na kitu, wengi wa Korogwe na vijiji vyake, wachache wa Handeni. Kaleb, fundi simu wa Manundu, ndiye aliyeliongoza. Kila mtu alituma picha za kazi yake: mabasi ya zamani, matrekta ya mashamba ya mkonge, pikapu, magreda. Utaratibu wao ulikuwa mmoja. Ukitazama kazi ya mwenzako, utaje jema moja lililo kweli, kisha kasoro moja inayorekebishika. Sifa ya uongo ilikatazwa sawasawa na matusi. “Ukimsifu mtu kwa kitu asichokifanya,” Kaleb alipenda kusema, “umemwibia.”

Gari la kwanza la Jabiri lilikuwa pikapu iliyofanana na sanduku la viatu. Aliituma picha kwa aibu, akaiweka simu mbali kama mtu anayesubiri matokeo ya kipimo hospitali. Kaleb aliandika kwamba boneti imekaa vizuri ila matairi yamekuwa makubwa, apime tena. Mwalimu Emiliana, aliyefundisha hisabati Korogwe na kuunda mabasi tu, alisifu mikono ya milango, akasema vioo vya mbele havisimami wima namna ile kwenye gari lolote alilopata kuliona. Mzee Kasmiri akaandika mwisho, kwa herufi kubwa tupu kwa sababu hakujua kuzipunguza: MKONO WAKO UNA UVUMILIVU. NIMEONA ULIVYOSUGUA KONA. BATI LA PAA LIMEPINDA KIDOGO KULIA. ENDELEA MWANANGU.

Jabiri alisoma neno la mwisho, akazima simu.

Hakuwa na kazi nyingine ya maana. Shamba lililimwa na Mwantumu. Yeye, kwa mguu ule, aliweza kupanda na kuvuna, kulima hakuweza. Kijijini watoto walimwita yule mzee wa vigari, na hakuwa mzee. Lakini kwenye kundi aliitwa fundi, na mwaka wa pili hakukuwa na mtu aliyeona hilo ni heshima ya bure. Alijifunza kukata matairi kwenye kandambili kuukuu, vioo kwenye chupa za maji, taa za nyuma akizipaka rangi ya kucha ya Mwantumu. Kila kasoro aliyoambiwa aliirekebisha. Kila sifa ilimwingia na kumchoma, hasa za mzee, na bado hakuweza kuacha kuzisubiri.

Mwaka wa tatu Mzee Kasmiri akampigia.

“Nina ombi,” alisema. “Nitengenezee lile Fuso. Mimi nililiona mara mbili tatu tu, tena kwa nje. Wewe ulilijua. Nataka niwe nalo nyumbani, zima, kama lilivyokuwa kabla.”

“Mzee…”

“Usiharakishe. Likichukua mwaka, lichukue. Na mbele mweke mwanangu, kwenye usukani wake.”

Jabiri alianza mvua za masika na kazi ikaenda mpaka mahindi yalipokauka. Aliweka kila hatua kwenye kundi, kama wote walivyofanya. Alikumbuka zaidi ya alivyodhani: bampa iliyochomelewa mara mbili, ngazi ya pembeni iliyokosa kidato cha tatu, turubai la kijani lenye kiraka cha bluu. Wenzake walimsaidia. Mwalimu Emiliana alimpigia hesabu za ekseli. Abdi, dereva bodaboda wa Korogwe aliyekuwa na jicho la mwewe kwa rangi, alimwambia bluu ya kile kiraka ni ya mbinguni mno, aichanganye na kutu. Mzee alituma picha ya zamani ya Laurenti amesimama kando ya gari, shati jekundu, mkono juu ya boneti. Jabiri aliipima picha ile kwa rula, akapata urefu wa boneti. Uso wa Laurenti hakuupima.

Yakabaki masanamu ya watu. Alichonga mawili kwa mlingoti wa mkonge, kila moja fupi kuliko kidole cha shahada. Moja alilipaka shati jekundu. Jingine akalivisha kofia nyeupe, kama aliyokuwa akiivaa yeye safarini. Akamshika mwenye shati jekundu kwa kibano, akamwingiza kwa mlango wa kulia, uliko usukani. Akamtoa. Akamwingiza tena. Mwantumu alikuwa uani akipukuchua mahindi, na mara ya nne alisimamisha mikono.

“Baba Rukaya, hao ni nani?”

“Huyu Laurenti. Huyu mimi.”

“Mbona humkalishi?”

Jabiri aliweka kibano chini. Alimwambia. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema nani alikuwa anaendesha, nani alikuwa amelala, askari aliuliza nini naye akajibu nini. Mwantumu alisikiliza akiwa ameshika gunzi. Jabiri alipomaliza, kuku wakaja wakadonoa mahindi mbele ya Mwantumu asiwafukuze.

“Mimi nimekula jogoo wa mzee yule,” alisema mwishowe. “Nimempika kwa mikono yangu. Na yeye anakula huku anatuomba msamaha.”

“Niliogopa kufungwa. Rukaya alikuwa…”

“Usimtaje Rukaya. Rukaya hakuulizwa na askari.” Akasimama, akakung’uta kanga. “Sitakwenda kukusemea. Lakini usinipe tena salamu za watu wale nikazipokea kama mtu msafi. Siwezi.”

Jabiri akarudi kwenye gari. Akachukua gundi, akampaka mwenye shati jekundu, akamweka kwenye kiti cha kushoto, kichwa kimeegemea kioo. Mwenye kofia akamweka kwenye usukani. Akasubiri gundi ishike, kisha akafunga milango yote miwili.

Picha za hatua hiyo hakuzituma kwenye kundi. Kulikuwa na kikao Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kule Manundu, katika chumba cha nyuma cha duka la Kaleb, na alitaka kulipeleka gari mwenyewe. Alilifunga kwenye boksi la sabuni, akalizungushia kanga.

Kikao kilikuwa na watu kumi na moja. Kazi iliwekwa mezani, ikapita mkono kwa mkono, na mwenye kazi hakuruhusiwa kufungua kinywa mpaka kila mtu amalize kusema. Walikuwa wameamua hivyo tangu zamani, maana mafundi hupenda kujitetea kabla hata hawajakosolewa. Jabiri alikaa kwenye benchi la mwisho, mguu mbovu umenyooka, mikono magotini.

Abdi alisema ile bluu sasa ni bluu ya kiraka kilichokaa juani, hana la kuongeza, ila matope ya mbele yamekuwa mengi kuliko ya nyuma. Mwalimu Emiliana alipitisha rula chini ya gari, akasema katika miaka yote ya kundi hajaona ekseli zilizonyooka hivyo. Kasoro yake ni fundo moja la kamba lililozidi unene. Wengine walisema yao. Kaleb alisema hawezi kulitazama muda mrefu. Hakueleza kwa nini na hakuna aliyemuuliza.

Mzee Kasmiri alikuwa wa mwisho. Alivaa miwani, akalivuta gari karibu, akaufungua mlango kwa ncha ya ukucha. Akachungulia. Akawasha tochi ya simu, akachungulia tena. Chumba kizima kilimwachia wakati wake.

“Hili ndilo gari la mwanangu,” alisema. “Nilifikiri nitaona kifaa kinachofanana nalo. Hiki si kinachofanana. Nakushukuru.” Akaelekeza tochi kwenye viti. “Kasoro ni ndogo. Umewakalisha kinyume. Mwenye shati jekundu ndiye Laurenti, naye yuko kushoto. Wewe mwenye kofia uko kwenye usukani. Nadhani gundi ilikuwahi. Si neno, mlango unafunguka, utawabadilisha.”

Kaleb akamgeukia Jabiri. “Haya, fundi. Zamu yako sasa.”

Jabiri alisimama kwa kushika ukuta.

“Sikukosea, mzee,” alisema. “Ndivyo tulivyokaa.”

Watu hawakuelewa mara moja. Abdi alikuwa bado anatabasamu.

“Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Laurenti alikuwa amelala hapo kushoto. Aliniomba usukani pale Mkata, akaniona nimechoka, nikamnyima. Nikasinzia. Askari aliponiuliza kama aliyefariki ndiye dereva, nikasema ndiyo. Ni uongo niliousema mimi. Mwanao hakufanya kosa lolote siku ile, mzee. Hata moja.”

Nje pikipiki ilipita, mlio wake ukaisha. Mzee Kasmiri alikuwa bado ameushika ule mlango mdogo kwa ukucha.

“Alikuwa amelala,” alisema.

“Alikuwa amelala.”

“Hakujua.”

“Sidhani kama alijua, mzee.”

Mzee akavua miwani, akaikunja taratibu, mkono mmoja kisha wa pili.

“Nilikuja Kwamsisi nikakuomba msamaha.”

“Uliniomba.”

“Ukanipa.”

“Nikakupa,” Jabiri alisema.

Mwalimu Emiliana alikuwa ameziba mdomo. Mzee Kasmiri alisimama, akaliinua gari kwa mikono miwili, akalirudisha ndani ya boksi na kulifunika vizuri kwa ile kanga.

“Libebe, twende,” alisema. “Mama yake atasikia kinywani mwako. Mimi si mjumbe wako.”

Walitembea Manundu nzima, mzee mbele, Jabiri nyuma akichechemea na boksi lake, na watu waliowajua wakawasalimu wakaitikia. Bi Serafina walimkuta ukumbini anachambua mchele. Jabiri alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaanza kusogeza ungo ili ampishe mgeni. Mumewe akamwambia, “Kaa, mama. Ana neno.”

Jabiri akalisema tena. Mara hii lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu yule mama hakumkatiza wala kumwuliza. Alimtazama machoni mpaka mwisho. Kisha akauchukua ungo wake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mzee Kasmiri alikuwa amesimama kando ya dirisha. “Jumatatu nenda polisi ukabadilishe maneno yako,” alisema. “Ukitoka huko, njoo siku ya jumuiya, useme mbele ya wale waliomwita mwanangu mlevi. Gari liache mezani. Wewe nenda.”

Jumatatu alikwenda. Walimweka siku mbili, wakamwachia kwa dhamana ya mjomba wa Mwantumu, na kesi ikaanza. Siku ya jumuiya akaja. Ilikuwa zamu ya nyumba ya mama mmoja mnene wa Manundu, watu wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, rozari imekwisha, na yeye Mwislamu akasimama kati yao kofia mkononi. Alisema maneno machache. Kwamba Laurenti hakuendesha. Kwamba hakuonja pombe siku ile wala siku nyingine yoyote waliyosafiri pamoja. Kwamba mtu aliyewadanganya ni yeye. Mwenye nyumba ile ndiye aliyesema habari za chupa msibani. Aliinama akaanza kunyoosha kona ya mkeka ambayo ilikuwa imenyooka. Bi Serafina alikaa wima mstari wa mbele. Hakumtazama Jabiri, lakini wengine waliona alivyowatazama wao, mmoja mmoja, mpaka akawamaliza.

Mahakamani alikiri. Hakimu alizingatia kwamba alijileta mwenyewe, akampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja: kufagia na kufyeka majani katika zahanati, siku tatu kila wiki, na asishike tena usukani wa gari la mizigo. Wako waliosema ni adhabu ndogo. Jabiri alikuwa mmoja wao, ila hakuna aliyemuuliza.

Kwenye kundi, maneno yaliwaka. Abdi, aliyekuwa amemsaidia kuchanganya rangi kwa wiki tatu, aliandika kwamba mtu wa namna hiyo hafai kukaa na wenzake. Watu wanane walimuunga mkono. Kaleb hakutaka kuamua peke yake, akamuuliza mzee. Jibu lilikuja kesho yake, kwa zile herufi kubwa: MSIMTOE. KAZI YAKE NI SAFI. YALIYOBAKI NI YANGU NA YAKE.

Jabiri alibaki, lakini hakuunda chochote. Alirudi kutoka zahanati, akakaa, kisu kimefungwa. Mwantumu alizungumza naye yaliyo lazima, kisha polepole na yasiyo lazima.

Ilikuwa mwezi wa tano hivi wa kifungo chake, muuza mitumba mmoja wa Handeni aitwaye Shukuru alituma kwenye kundi picha ya gari lake la kwanza. Lilikuwa basi, ukitaka kuliita hivyo, limeinama kama mtu mwenye kiharusi. Saa zilipita bila mtu kujibu. Jabiri alijua mtu yule anafanya nini saa hizo: anaweka simu, anaichukua. Akajikuta anaandika. Mstari wa madirisha umeukata kwa mkono uliotulia, hilo si jambo dogo kwa gari la kwanza. Ekseli ya nyuma imelala kushoto, ndiyo inayoliinamisha lote. Weka kipande cha bati chini yake, upime kila upande kwa rula, si kwa jicho.

Shukuru alishukuru, akauliza bati la unene gani. Jabiri akamjibu. Wiki iliyofuata basi lilisimama. Halafu mwingine akauliza habari za vioo, akajibiwa. Abdi hakumsemesha, ila siku moja alirekebisha alichosema Jabiri kuhusu rangi, na Jabiri akamwambia kweli, umenipita hapo.

Kifungo kilikuwa kimebakiza wiki mbili Bi Serafina alipopiga simu mwenyewe. Hakusalimu kwa kirefu. “Njoo Jumapili mchana,” alisema. “Njoo na mkeo.”

Walikwenda. Mwantumu alibeba mahindi mabichi na hakujua ayaweke wapi. Fuso lilikuwa juu ya kabati la vyombo, limefutwa vumbi, na wale wawili wamekaa palepale walipokalishwa. Mzee Kasmiri aliwakaribisha kwa kichwa, akaketi pembeni. Bi Serafina akakaa mkabala na Jabiri, karibu sana, magoti yao yanakaribia kugusana.

“Sikukuita nikusamehe,” alisema. “Hilo naliomba kwa Mungu kila siku na bado halijaja. Likija utalijua. Nimekuita kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa naye. Miaka yote hii sikutaka kuuliza mtu habari za siku ile, nikidhani nitasikia habari za mwanangu mlevi. Sasa nataka nisikie. Siku ile alikula nini?”

Jabiri alilitazama Fuso juu ya kabati.

“Wali maharage, mama. Pale Mkata, kwa mama lishe mmoja nyuma ya stendi. Alikula sahani mbili. Akamwambia yule mama maharage yake ni mazuri ila nazi hakuiweka mapema, akasema mama yake yeye anaiweka maharage yakiwa bado magumu kidogo.”

“Alisema hivyo?”

“Akamwelekeza mpaka moto wa kiasi gani. Yule mama akacheka, akamwambia aje amwoe binti yake, basi.”

Bi Serafina aliangalia mikono yake. “Nazi ya pili,” alisema polepole. “Ya kwanza naiweka mwisho. Hakuwahi kulishika hilo.” Akaivuta kanga mabegani. “Na asubuhi? Mlitoka saa ngapi? Alikuwa amevaa nini?”

Jabiri akaanza tangu asubuhi. Alisema habari za saruji ilivyopakiwa, na wimbo aliokuwa akiuimba Laurenti vibaya, na mbuzi aliyewasimamisha barabarani, na jinsi alivyompigia mama yake simu walipokuwa Chalinze, isipatikane. Kila alipofika mahali akafikiri amemaliza, yule mama alisema, “Halafu?” Mwantumu alikuwa amejiinamia. Jua likazunguka likaingia dirishani, likampiga Jabiri usoni, na Mzee Kasmiri akanyanyuka bila neno, akalivuta pazia.

“Halafu?” alisema Bi Serafina.